Kipa Asiyesema Shikamoo

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Bibi yako hajambo, na muhogo wa Mitole umekubali.

Umeuliza: kocha akigoma kuongea hewani, umtungie jibu?

Redio binafsi zilipoanza nilikuwa kipa Kilwa Masoko, kijana mwenye haya. Mtangazaji alinihoji uwanjani, nikanyamaza. Jioni akatangaza eti nimesema, "Wale ni vibonde wetu." Binamu yangu Saidi, mchezaji wa timu pinzani, akaninunia.

Mama akamfuata. "We Saidi, huyu aongee na redio nzima bila hata shikamoo? Mimi mwenyewe maneno yake nayavuta kwa kamba!" Saidi akacheka, tukapatana.

Basi sema tu kwamba kocha amekataa kuongea. Naye ana mama, na mama yule anasikiliza.

Nasi tunakusikiliza kila mechi. Sauti yako imeiva.

Babu yako