Bolti Iliyokupandisha Kilima kwa Miguu

Gerejini, Mbinga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limetulia sasa mvua zimekatika. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo haijambo kutuzidi sote. Asubuhi nashika spana kwa kitambaa. Najua Edna ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote, usiruke habari za gari ukidhani Mama hazimhusu. Safari hii zinamhusu sana.

Mama, Yustina anakaribia kujifungua. Mkunga amempima na kusema mtoto amekaa vizuri, tusubiri tu. Mkweo hana mama, unajua, na shangazi zake wa Ukata ni watu wema lakini kahawa imeiva, hakuna anayeweza kuacha shamba. Juzi alikuwa anapepeta mchele, akasimama, akaniambia, "Mwite Mama. Akiwepo yeye nitapata usingizi." Ni yeye aliyesema, si mimi. Anaogopa, Mama. Na mimi naogopa, ingawa mbele yake najifanya fundi wa kila kitu.

Najua ulivyoapa. Sijasahau siku ile lori analoliendesha Kosmas lilipochemka kilimani, mkateremshwa wote, ukapanda kwa miguu na kikapu chako cha dagaa wa usipa kichwani. Ulipofika hapa hukunisalimu hata. Ulisema, "Nimefika kabla ya gari lenu," ukaketi, ukavua viatu. Halafu ukasema hutapanda tena gari la mlimani mpaka wanaolitengeneza wajue wanachokitengeneza. Yustina mpaka leo anacheka akikumbuka. Mimi sikucheka sana, maana ni kazi yangu iliyotukanwa.

Sasa sikiliza. Bwana Salehe, mwenye lori hilo na duka la pale sokoni, ameamua kulileta kwetu gerejini. Siku hizi kahawa hainunuliwi na chama cha ushirika peke yake, wanunuzi wamekuwa wengi na kila mmoja anatafuta gari, kwa hiyo lori linalochemka kila kilima ni hasara kwake. Tulipofungua pampu ya maji nikauona ugonjwa. Bolti moja ya chini ilikuwa imekatikia ndani ya injini. Kichwa hakipo, mwili umebaki shimoni. Fundi fulani wa huko njiani alikaza zile nyingine, akaziba pengo kwa raba na sabuni, akamwambia Kosmas aende salama. Penye tambarare linakwenda. Likianza kupanda, maji yanatoka, na kina mama wanateremshwa.

Kuitoa bolti iliyokatika si kazi ngumu kama iko mahali pa wazi. Unaitoboa katikati, unaingiza chuma chenye michirizi ya kuzunguka kinyume, unakigeuza kushoto, nayo inatoka. Lakini hii ilikuwa nyuma ya rejeta, na rejeta yenyewe mtu aliichomelea kwenye fremu. Kati yake na injini mkono unapita kwa shida. Drili ya kawaida haiingii. Bahati nzuri Bwana Salehe alishaleta kutoka Dar drili moja kuukuu ambayo kichwa chake kimekaa kwenye mpini kama jembe. Sote tulikuwa tukiicheka, tukisema amenunua drili iliyoanguka. Kumbe ilitengenezwa hivyo, kwa mahali kama pale.

Tulivuta waya kutoka kwenye jenereta yake, friji la duka likazimwa, na watu wakanywa soda ya moto siku hiyo. Mimi nililala chini ya injini, nimenyoosha mkono, shimo silioni. Kosmas aliinama juu na kioo cha Yustina cha kujitazamia, ananielekeza. Na hapo ndipo nilipotaka kulia. Anasema, "Kushoto," nasogeza kushoto, anasema, "Unakwenda wapi wewe?" Kulia nako vivyo hivyo. Kioo kinampindulia kila kitu, na mimi niko chali, kushoto kwangu si kwake. Na ncha ya drili ikikatikia mle ndani, hatuna chuma cha kuitoboa. Lori lingebaki gerejini, na wewe ungebaki Lipingo.

Nikazima drili. Nikamwambia, "Kosmas, acha kushoto na kulia. Bomba la maji liko upande wa ziwani, unaliona?"

"Naliona."

"Basi niambie ziwani au mlimani, kama wanavyoelekezana kwetu Lipingo."

Akainamisha kioo, akasema, "Ziwani. Ziwani kidogo. Hapo hapo, usitikisike."

Mama, sijui nikuelezeje. Nimekaa Mbinga muda wote huu, lakini nilipokuwa chini ya lile lori, mafuta yananidondokea shingoni, na Kosmas anasema ziwani kidogo, mlimani kidogo, mkono wangu ulijua pa kwenda kama miguu yangu ilivyojua uliponituma kisimani. Nikatoboa taratibu, kwa ncha nyembamba kwanza, kisha nene. Chuma cha michirizi kikaingia, nikakigeuza, kikagoma, nikakitia mafuta, tukala ugali. Tuliporudi kilitii. Bolti ikatoka polepole, na Kosmas akabusu kioo cha mke wangu, nikamkataza.

Tukafunga bolti mpya, na lori tumelijaribu. Juzi tulipanda nalo Ukata, likarudi na kahawa hadi juu ya mbao za ubavuni. Kila penye mwinuko nilimwomba Kosmas asimame, nikaweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa na joto la kawaida, hakuna hata tone chini.

Nisalimie baba mdogo anayepiga kengele ya kanisa, na shangazi wa Ngumbo akija kuuza mihogo, na Mama Neema jirani, mwambie akuangalizie kuku. Edna nampa pole kwa kusoma, na asante.

Kosmas mwenyewe ndiye anayekukabidhi barua hii. Atapakia dagaa, kisha atapanda kurudi, na kiti cha mbele ni chako, nimemwambia. Ndani ya bahasha kuna kipande cha chuma chenye tundu katikati kama ushanga. Ndiyo hiyo bolti. Ishike njiani. Mkifika kilimani na lori likachemka, itupe bondeni, uteremke, urudi nyumbani, sitakulaumu na sitakuita tena. Lisipochemka, niwekee mkononi ukifika, kabla hata ya kunisalimu.

Ni mimi mwanao, nitakayekungoja sokoni nikitazama barabara ya ziwani,

Festo