Kikwembe Kikavu

Jumatatu, 12 Januari

Haya, umerudi. Siku kumi na tisa! Mama mzima, nywele nyeupe, unakimbia daftari kama mtoto anayekimbia kuoga. Ulimwambia Odette utaandika kila siku. Kila siku gani? Kalamu nimeikuta chini ya kitanda, imejaa vumbi. Aibu yako. Kaa chini, andika.

Maharagi yako motoni. Dirisha limejaa mvuke, sioni hata magari. Mlango wa barabarani haufungi tangu Noeli, yeyote anaingia. Mwenye jengo anasema atatuma fundi. Anasema.

Habari ni hii. Clarisse ametoa kitabu. Mjukuu wangu niliyemlea tangu ana miezi minne. Mchana anaosha wazee wa watu kule Ixelles, kumbe jioni alikuwa anaandika. Kitabu kizima, kwa Kifaransa, na picha yake iko nyuma. Ni hadithi ya mzimu, katika mji wa pwani huku huku Ubelgiji, mji uliopigwa na dhoruba. Alikileta jana pamoja na maua. Akasema, "Koko, ukikimaliza tutazungumuza." Akaangalia viatu vyake. Clarisse haangaliagi viatu.

Jumamosi tarehe 24 atakisoma mbele ya watu, kwenye maktaba ya hapa Berchem. Anataka nikae kiti cha mbele. Nitakaa. Lakini kwanza nijue kilichomo. Kifaransa changu ni cha sokoni na cha kwa daktari tu. Donc Odette atanisomea kwa Kiswahili, kila siku saa nane.

Odette anakaa chini kabisa, mimi ghorofa ya nne. Tumekuwa majirani tangu Bukavu. Alikuwa mwalimu. Ndiye aliyenifundisha herufi kwenye meza hii, nikiwa na miaka sitini na sita, mimi ambaye sikuwahi kukanyaga darasa. Tulianza na majina ya watoto wangu. Feza. Bahati.

Feza ni mama yake Clarisse. Alikufa. Homa. Basi.

Jumatano, 14 Januari

Kitabu kibaya.

Nasema ukweli, daftari halina masikio. Kuna baharia anaitwa Jan. Alikufa majini. Kila dhoruba anarudi kugonga milango ya watu, anatafuta kiko chake cha tumbaku. Siku tatu Odette anasoma, bado tunatafuta kiko. Polisi naye anakitafuta. Muuza nyama mnene anajua kilipo, hasemi.

Nikamuuliza Odette, "Mzimu anatoka baharini sababu ya kiko?"

"Bon, ni Bazungu, Maman Bahati. Mizimu yao iko vile."

Anatoka jasho. Baridi hii, jasho. Macho yanaruka mistari. Anageuza ukurasa kabla sijamaliza kuchambua majani matatu ya sombe.

Nina hasira na Clarisse. Nilimbeba mgongoni kuvuka mipaka. Nikasugua ngazi za ofisi kule Schuman miaka kumi na moja ili asome. Halafu anaandika kiko.

Ijumaa, 16 Januari

Herufi zinapinda, sijali.

Odette alienda kwa daktari. Nikafungua kitabu mwenyewe, kuangalia tu. Kifaransa ni msitu kwangu, lakini herufi ni zile zile. Nikaona F kubwa. Halafu e. Halafu z, ile iliyokunjwa kama kiti. Halafu a.

Feza.

Nimeandika neno hilo mara mia kwenye meza hii. Siwezi kulikosea. Nikageuza ukurasa. Feza. Nikageuza. Feza, Feza. Nilihesabu mpaka arobaini, nikaacha. Huyo Jan nilimtafuta kwa kidole hadi macho yakauma. Hayumo.

Siku nne Odette ananisomea kitabu hiki, na hajataja jina la mtoto wangu hata mara moja. Aliyenifundisha kulisoma ndiye anayelificha. Kesho atanijua.

Jumamosi, 17 Januari

Nilimwita. Nikaweka kidole juu ya jina.

"Soma hapa. Usiongeze chumvi."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akasoma.

Hakuna baharia. Kuna mwanamke kijana, Feza. Mama yake alimlazimisha kupanda mashua siku ya upepo. Maji yakamchukua. Hakuonekana, hakuliliwa. Sasa kila dhoruba anatembea katika mji ule wa pwani, anagonga, anaacha nyayo za maji zisizokauka. Na polisi anatafuta ni nani aliyemwambia, "Panda."

Nitaandika. Hakuna anayesoma hapa ila mimi, na hata hapa nilidanganya. Haikuwa homa. Ilikuwa ziwa. Nilimtuma kisiwani Idjwi kuleta mananasi ya ubatizo wa Clarisse. Aliangalia maji, akasema, "Mama, tungoje kesho." Nikamwambia, "Unaogopa maji kama mbuzi?" Akapanda. Mananasi! Mashua ilipinduka, mwili haukuonekana. Nikakataa matanga. Matanga ni ya maiti, na mimi sikuwa nimeona maiti. Nikakataza watu kuniita Maman Feza, nikawa Maman Bahati. Bahati mwenyewe alikuwa shuleni mbali, nikamwambia homa. Clarisse alipoanza kuuliza, homa.

Ubelgiji nzima tunajua wawili. Mimi na Odette.

Nilimfukuza. Alilia mlangoni, "Nilibadilisha hadithi ili usiwaze ni miye nilisema!" Nikamwambia atoke na ulimi wake, na viatu vyake. Alishuka ngazi na viatu mkononi. Bon. Aende.

Jumapili, 18 Januari

Sikuenda kanisani. Nitaimba kwa mdomo gani?

Clarisse alikuja saa tisa na mkate. Sikumpa kiti.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia, Koko."

"Odette."

"Maman Odette hajaniambia kitu, hata siku moja. Soma mpaka mwisho. Mpaka pa ile bibi wa nyumba ya wageni. Alors utajua."

"Sisomi matusi yangu mwenyewe."

Nikamwambia aache ufunguo wa nyumba mezani. Akauacha. Hakulia. Mama yake pia hakuwa analia mbele ya watu, alikuwa anameza. Ameondoka na shingo ile ile, imenyooka.

Nikala mkate wake wote. Nilikuwa na hasira na njaa.

Jumanne, 20 Januari

Hasira inataka mtu wa pili. Ukiwa peke yako unapigia sufuria kelele. Nimeosha mapazia. Nimemtukana mtu wa televisheni anayetangaza hali ya hewa. Nimechana picha ya Clarisse nyuma ya kitabu, halafu nikaibandika tena. Imepinda kidogo puani. Vizuri, apinde.

Ninachokasirikia ni hiki. Wamenivua nguo. Watu nisiowajua watakaa maktabani na makoti yao, watasikia kuna mama alimtuma mtoto wake majini. Watatikisa kichwa. Watarudi nyumbani kula.

Saa kumi nikasikia mtu anahema nje. Karatasi zikapenya chini ya mlango. Ni Odette. Ameandika kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa kama za wakati ananifundisha. Juu ameandika: SURA YA MWISHO. SIJABADILISHA KITU.

Nikaziweka chini ya kopo la chumvi. Sitasoma.

Lifti imekufa tena. Alipanda ghorofa nne na goti lile. Niliweka mkono kwenye kitasa. Sikufungua.

Alhamisi, 22 Januari

Tangu asubuhi televisheni inaonyesha pwani. Bahari imeruka ukuta, mchanga umefunika reli za tramu. Hapa wamefunga bustani. Mapipa ya taka yanakimbia barabarani yenyewe.

Saa nane upepo ukaanza kupiga dirisha. Nikafanya ninachofanya. Nikafungua kufuli ya mlango. Nikatoa kikwembe cha Feza, kitenge chake kile cha bluu chenye majani ya njano, nikakikunja, nikakiweka juu ya kiti cha mlangoni, kikavu. Nafanya hivi kila dhoruba, tangu ziwa. Bukavu nilifanya, kwenye kambi ya wakimbizi nilifanya, hapa nafanya. Sijawahi kumweleza mtu. Hata mimi sijajieleza. Akija, atakuwa amelowa. Ni hivyo tu.

Halafu nikakaa kungoja, kama kawaida. Karatasi za Odette zilikuwa zinaniangalia. Nikazitoa chini ya chumvi. Nikasoma, kidole chini ya kila neno. Saa nzima.

Yule bibi wa nyumba ya wageni ni mkali, anatukana hata paka. Polisi anamuuliza kuhusu mwanamke wa maji, anasema hamjui, alikufa kwa homa huyo. Lakini dhoruba ikianza, anafungua kufuli na kuweka kitambaa kikavu juu ya kiti. Hasemi ni cha nani. Chini ya meza kuna mtoto wa kike. Anaona. Mwaka huu anaona, mwaka kesho anaona. Anakua, anaona bibi anavyongoja kama mwenye kosa, na siku moja anajisemea: mtu aliyekufa kwa homa harudi amelowa.

Nilirudia mstari huo mara tatu.

Odette hakusema. Hakuna aliyesema. Ni mimi. Miaka yote nimefunga mdomo, na mikono yangu ilikuwa inamwambia mtoto kila kitu.

Hapo mlango ukafunguka. Bila kugonga. Akaingia mwanamke kijana, maji yanamtiririka usoni, nywele zimelala shingoni. Sitadanganya daftari: kwa kitambo nilimwona Feza. Uso ule. Umri ule. Maji yale. Nilisimama na jina lake mdomoni.

Alikuwa Clarisse. Ufunguo wake ulikuwa mezani kwangu tangu Jumapili. Hakuuhitaji. Alijua kwamba siku ya dhoruba Koko hafungi.

Alisimama anaangalia kiti. "Ni ya maman?"

"Jifunike, jikaushe," nikasema, "utapata homa."

Neno likanitoka lenyewe. Tukaangaliana.

Akajifunika. Akakaa. Nikamwambia yote. Mananasi. Mbuzi. Alivyosema tungoje kesho. Sikujipunguzia hata kidogo. Nilifikiri atanikumbatia kama kwenye filamu. Wapi! Alinifokea, mara ya kwanza katika maisha yake. "Miaka yote hii, Koko! Yote! Nilikuwa nalilia homa!" Alipiga meza, chumvi ikamwagika. Nilimwacha apige. Ilikuwa haki yake.

Alipochoka nikapasha maharagi. Alikula sahani mbili, kikwembe mabegani.

Jumamosi, 24 Januari

Nilishuka kwa Odette kwanza. "Vaa viatu, tunachelewa."

"Nilidhani viatu vyangu vilikuudhi."

"Viatu havina kosa. Ni kiko."

Alicheka hadi akashika ukuta. Nikamwomba msamaha pale pale kwenye ngazi, haraka, nisije nikabadili mawazo. Akasema, "Twende, mzee weye."

Kiti cha mbele. Clarisse alisoma na sauti haikukatika. Watu hawakutikisa kichwa. Mama mmoja mzungu alikuwa anajifuta machoni na glavu. Mwishoni mwanamume mmoja akauliza kama yeye mwenyewe anaamini mizimu. Clarisse akaniangalia mimi. Watu wote wakageuka. Nikajibu kwa Kifaransa changu cha sokoni kwamba wa kwangu yupo, na havuti kiko. Hawakuelewa kitu. Odette alikuwa karibu kuanguka kwa kicheko.

Lakini bado nina hasira. Nimeitafuta ni ya nani sasa, Odette hapana, Clarisse hapana. Ni yangu mimi, kwa yule mama aliyesimama kandokando ya ziwa na mdomo mkubwa.

Jumapili, 1 Februari

Tumemaliza matanga ya Feza. Hapa sebuleni, baada ya ibada. Watu kumi na wawili, viti sita. Sombe, bugali, samaki kidogo. Picha yake juu ya televisheni. Bahati alisikiliza kwa simu kutoka Kinshasa. Nilikuwa nimemwambia ukweli tangu Jumatatu. Akauliza kama dada yake alikuwa na viatu. Sikumbuki. Nilimwambia sikumbuki.

Odette aliomba, maombi mafupi, ya mwalimu. Halafu akanipa sahani mbele ya watu wote.

"Kula, Maman Feza."

Nilikula.

Clarisse alikata nanasi. Tangu ziwa sijaweka hicho kitu mdomoni. Nilichukua kipande kimoja. Kilikuwa kitamu, na hilo pia lilinikasirisha kidogo.

Wameondoka. Odette ameosha vyombo, ameviweka mahali ambapo sivyo. Clarisse amepanda basi amejifunga kikwembe juu ya suruali, majani ya njano yanatokea chini ya koti. Nimemrudishia ufunguo. Sasa upepo unavuma kidogo, naona mti wa ng'ambo unavyoinama. Kiti cha mlangoni ni kitupu.

Nimefunga mlango.

Wewe, ukirudi hapa, usikae tena siku kumi na tisa. Kalamu nimeiacha mezani. Andika Feza juu kabisa, F kubwa. Kifo umeshakiandika, kiache. Andika alivyokuwa anacheka.