Ukurasa wa Kiprono

Ijumaa, 3 Oktoba

Kanzu tisa za bwana wa nyumba hii, abaya mbili za madam, sare za watoto. Pasi mkono wa kulia, mizani kwa vidole vya kushoto. Nane kwa nane. Kipande cha tatu kimegoma, kina silabi saba. Nimeunguza kola kidogo. Hawataona.

Nyumba nzima imelala baada ya chakula cha mchana. Mtaa wote wa Malaz, hapa Riyadh, kimya, hata teksi hazipigi honi. Hii ndiyo saa yangu ya jarida. Toleo la Oktoba tayari: kurasa nane, washairi sita, wote Wakenya isipokuwa Amisse, fundi cherehani wa Kandara, Jeddah. Nalipanga kwenye simu, nalituma kwenye kundi letu la WhatsApp, basi. Hakuna aliyenichagua kuwa mhariri. Hakuna aliyethubutu kunipinga pia. Mimi ni Zuhura, binti wa marehemu Athmani wa Majengo, mtu aliyekuwa akisahihisha mashairi ya watu kabla hawajamaliza kuyasoma.

Ukurasa wa kwanza nimeweka langu. Wa mwisho la Kiprono. Huyu ni mlinzi wa bohari la matairi kule Jeddah. Hana vina, hana mizani, mstari mmoja mrefu, wa pili maneno mawili. Yeye mwenyewe husema ni mashairi huru. Mimi nasema ni uvivu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Shairi langu: "Mashallah dada" nne na dole gumba moja.

La Kiprono: Florence, anayefanya kazi Shumaisi, hapa hapa Riyadh, ametuma sauti ya dakika mbili analia. Dakika mbili! Nimesikiliza kilio chote mpaka mwisho, kutafuta kama anaigiza. Haigizi.

Mama yake Kiprono alifariki Juni. Karatasi za kutoka zilichelewa kwa kafili, mwajiri wake, akayatazama mazishi kwenye simu. Ndilo shairi lenyewe. Naliandika hapa kipande ili nione lina nini:

Simu waliiweka juu ya kiti cha plastiki.
Walipokwenda kula wakaisahau.
Nikabaki natazama miguu.
Miguu yote ya kwetu niliitambua.
Yako tu, mama Jepkosgei, haikupita.

Nimelisoma mara nne. Halina kitu. Mara ya tano nikaenda kujifungia chooni, nikafungua maji ya bomba ili madam asisikie.

Nina wivu. Afadhali niliandike neno lenyewe kuliko kulizungukazunguka.

Jumanne, 7 Oktoba

Habari kubwa. Amisse ni mtu wa Pemba, ile ya Msumbiji. Kiswahili cha nyumbani, Kireno cha shule. Ana rafiki waliyesoma pamoja, sasa anaishi Porto, kule Ureno. Huyo rafiki na wenzake watano wana jarida dogo la mashairi. Dogo kwelikweli. Hukutana nyuma ya duka la mikate la mmoja wao, husomeana, hugombana, halafu huchapisha nakala chache na kuzishona wenyewe kwa sindano na uzi. Lina jina ambalo Amisse akilitamka napotea.

Wanatupa ukurasa mmoja. Shairi moja kutoka kwetu, Amisse ndiye wa kulitafsiri. Tupeleke matatu, wao watachagua.

Nimechagua mimi, mhariri. Mawili yangu. Moja la Kiprono, watu wasije wakasema.

Nimechoma vitunguu. Madam ameuliza kama naumwa. Nikamwambia sijambo kabisa, na nikacheka peke yangu jikoni. Ukurasa mmoja, Ulaya, kwa uzi. Baba angeona.

Jumapili, 12 Oktoba

La Kiprono.

Jumapili, saa tisa

Nimejaribu kufanya kazi, nimeshindwa, nimerudi hapa. Amisse anasema hawakubishana hata kidogo, wote sita. Yangu wamesema ni "mazuri, kama wimbo". Kama wimbo! Miaka thelathini ya kuhesabu, naambiwa kama wimbo.

Kwenye kundi nimekuwa wa kwanza kumpongeza. Hongera sana mdogo wangu, na maua matatu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kiprono kanitumia sauti. Naiandika kama alivyosema, ili siku nyingine nisijidanganye.

"Dada Zuhura, si uninyooshee hiyo Kiswahili kabla Amisse awatumie ile ya kuchapishwa. Yangu ni ya barabara tu, na hawa watu wa Ulaya nisiwaaibishe nyinyi. Wewe ndio mwalimu. Venye utaamua ni sawa, sitaki hata kuangalia. Nimeshaambia sister yangu ati jina ya mathe itakuwa kwa kitabu ya Ulaya. Alilia, wacha tu. December wakiweka msalaba kwa kaburi atawaonyesha watu wote hiyo page."

Mtoto wa watu ananiamini hivyo. Ilitakiwa inilainishe. Imenikasirisha zaidi. Mtu amechaguliwa na Porto halafu ananyenyekea! Angejivuna kidogo ningepata pa kumshika.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimelinyoosha.

Nilianza kwa nia nzuri. Koma hapa, "jina la" badala ya "jina ya". Halafu nikaona mstari mmoja ungekaa nane ukiukata kidogo. Halafu wa pili. Baada ya hapo mkono ulikwenda wenyewe, na ulikwenda kwa raha, sikatai.

Mama yangu kaondoka, kaburini kaingia,
Moyo wangu wateseka, na machozi nalilia.

Beti nne, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kiti cha plastiki nimekitoa, hakina heshima. Miguu nimeitoa. Jepkosgei nimemtoa pia. Jina lile kila nikilihesabu linatoka tofauti, ukilivuta huku linafura kule. Ningehangaika ningempatia nafasi. Sikuhangaika.

Ubeti wa mwisho lazima mtunzi ajitaje, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo: "Kiprono ndiye mwenyewe, Zuhura kalinyoosha." Limekaa vizuri ajabu. Sikupanga kujiweka. Nilipojiona nimo, sikujitoa.

Saa kumi na robo nimemtumia Amisse.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amisse kauliza. Rafiki yake wa Porto ameshangaa: lile la kwanza lilikuwa shairi, hili mbona kama kadi ya rambirambi? Amisse naye hakuficha, lile la kwanza yeye alilipenda. Akataka kujua kama Kiprono ameridhika na haya mabadiliko.

Nikamjibu: Ndivyo alivyotaka.

Maneno mawili tu. Yote mengine ningeweza kuyatetea mbele ya mtu. Haya siwezi.

Amisse akaandika: "Haya basi, shairi ni lake." Yakaisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Limeenda kupigwa chapa. Kiprono kanishukuru kwenye kundi mbele ya wote. Dada yetu, mwalimu wetu. Florence kaongeza mioyo.

Nimefua mapazia yote ya sebuleni bila kuambiwa. Madam kasema halas, inatosha, yalikuwa safi.

Nimemtilia mwenzangu kitumbua chake mchanga na yeye ananishukuru kwa sahani. Sina amani. Lakini kumwambia sitaki. Atasema nini? Atasema sawa dada. Nitakufa.

Ijumaa, 28 Novemba

Jeddah. Mdogo wake madam ameolewa, tumekuja familia nzima tangu Jumatano. Leo nimepewa ruhusa baada ya sala ya Ijumaa mpaka magharibi. Amisse alikuwa ametuma ujumbe: nakala mbili zimefika, mgeni wa umra kutoka Lisbon kazileta. Njoo, na Kiprono atakuwepo.

Ningeweza kusema nimekosa teksi. Nilikwenda. Nilitaka kuliona jina langu.

Duka la Amisse Kandara ni upana wa mlango wake. Cherehani, kochi la watu wawili, sare za wafagiaji zimening'inia zinasubiri zipu. Amisse mwenyewe mzee kuliko sauti yake. Kiprono kijana mrefu, kavaa sare ya kazini, kofia kaishika mkononi kama yuko kanisani. Alinisalimia "shikamoo" kwa shida, sijui nani alimfundisha. Kanunua chai yetu sote, na sambusa kwa ajili yangu.

Amisse alitoa jarida kwenye bahasha. Jembamba, karatasi ya rangi ya maziwa, uzi mwekundu mgongoni. Zuri. Roho iliniuma kwa uzuri wake.

Kiprono alinawa mikono kwanza. Akafungua ukurasa. Hajui Kireno hata neno, lakini alianza juu kabisa, kidole kinafuata kila mstari. Nikaelewa anachofanya. Majina hayabadiliki. Alikuwa anatafuta jina.

Akafika chini. "Kiprono," akasoma kwa sauti, akacheka. "Zuhura. Dada, hata wewe uko!" Kwa furaha ya kweli. Kisha akarudi juu. Kidole tena, polepole. Akamaliza. Akarudi mara ya tatu. Akafungua ukurasa unaofuata, ambao ni wa mtu mwingine, akatafuta huko pia.

"Na jina ya mathe iko wapi?"

Amisse akaniangalia. Nikasema halikuingia kwenye mizani.

Kiprono akamuuliza Amisse kama watu wa Porto ndio wanataka mizani. Amisse akavua miwani. Akasema hapana. Akasema mizani na vina havikuvuka kwenda Kireno hata kimoja, yeye aliweza kubeba maana tu, na maana ilikuwa imebaki kidogo.

Basi. Nilimtoa mama wa mtu kwa ajili ya vidole vyangu, na vidole vyenyewe huko hawavioni.

Kiprono hakupandisha sauti. Alifunga jarida, akalilaza juu ya goti.

"Si ungetoa jina yangu mimi, dada?"

Nikamwambia yote hapo hapo, mbele ya Amisse: kwamba hakukuwa na haja, kwamba nilidanganya, kwamba nilimwonea wivu tangu Florence alipolia. Alisikiliza huku anatazama sare za wafagiaji. Akasema zamu yake inaanza, akaondoka. Jarida akalichukua. Chai yake alikuwa hajaigusa.

Amisse akakanyaga cherehani. Alishona zipu tatu bila kunitazama. Ya nne ikamshinda, akasema, "Na mimi nilijua. Nilijua na nikatafsiri."

Jumamosi, 29 Novemba

Watoto wa harusi wametapika keki kwenye zulia. Nimesafisha. Nimesafisha vizuri.

Jumanne, 2 Desemba

Riyadh. Nimewaandikia kundi zima. Sikupamba. Nimesema nilichofanya, kwa mpangilio, pamoja na yale maneno mawili niliyomjibu Amisse. Nimesema nimeacha uhariri.

Alama za bluu zikatokea moja moja. Wote wamesoma. Florence ndiye wa kwanza kujibu: "Zuhura, kumbe." Halafu akatoka kwenye kundi.

Nimekasirika kwamba ametoka. Halafu nikakasirika kwamba nimekasirika. Nani mimi wa kununa?

Amisse ameandika Porto. Wamejibu siku hiyo hiyo, wana roho nzuri watu wale. Wanataka lile la kwanza. Watalichapa toleo lijalo, na jina la mama litasimama peke yake juu kama kichwa cha shairi. Kiprono aseme tu ndiyo.

Nimefurahi. Nimefurahi kweli, na chini kabisa ya furaha kuna kitu kidogo kinasema: ukurasa wa pili sasa, yeye yule yule. Nakiandika ili kisijifiche.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua imenyesha asubuhi. Watoto wamekataa kwenda shule, madam amekubali. Nimepika maandazi.

Kiprono ameondoka jana. Kampuni imempa likizo mpaka baada ya Krismasi. Mimi hakuniaga. Amisse alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, ndiye aliyenisimulia.

Porto amewakataa. Kwa adabu, akasema asante sana, lakini hapana. Lile jarida anampelekea dada yake hivyo hivyo lilivyo, na atamwambia ukweli kwamba jina halimo. Siku ya msalaba hatasoma kitu. Atasimama aseme mwenyewe, kwa Kikalenjin, yote, kiti na simu na miguu, na atamtaja mama yake mara nyingi atakavyo. Amisse alimwomba ajirekodi siku hiyo. Akakataa hilo pia. Hiyo ni ya watu waliokuwa pale, akasema.

Kwa hiyo sitalisikia. Wala Porto, wala Florence, wala mtu yeyote wa kundi.

Nilidhani habari hii itanipunguzia. Mchana wote nimekuwa nikimwona amesimama mbele ya watu wa kwao, hana karatasi, na wao wamenyamaza wanamsikiliza. Wivu haujaisha. Umebaki pale pale. Anaongea lugha ambayo siwezi kumsahihisha.

Madam kaja jikoni, kaonja andazi, kasema sukari imezidi. Nikamwambia ni kweli.