Meza ya Kufufulia Kompyuta

Jumanne, 2 Septemba
Nimetafsiri menyu za kompyuta mpaka macho yanauma. Chai, muhogo, kazi. Mkutano wetu wa programu huria ni tarehe ishirini na bado hatuna ukumbi. Fadhili, rafiki yangu tuliyeanza naye, anasema nisiwe na presha. Ninayo.

Alhamisi, 4 Septemba
Ukumbi umepatikana. Mwenge, mkubwa, una kiyoyozi. Inalipa kampuni inayouza programu. Sijapenda. Sie tunagawa bure, kila mtu afungue ndani, arekebishe atakavyo. Wao za kwao zimefungwa, hugusi kitu. Fadhili anasema wanataka bango tu. Haya, bango tu.

Alhamisi, 11 Septemba
Bango tu, wapi! Wanataka jukwaa, fulana, na pale inapokaa meza ya kufufulia kompyuta.

Meza ile ndiyo sie. Tuliianza Kipawa, sebuleni kwa mama. Mtu analeta kompyuta yake kuukuu, tunaiwekea mfumo huria, mwenyewe anabonyeza kitufe cha mwisho. Hapo vigelegele, majirani wanadhani kuna harusi. Fadhili ndiye alikuwaga anaanza, mwanaume mzima.

Leo kaniambia eti mimi nataka tubaki sebuleni maisha yote. Imeniuma sana. Sebule hiyohiyo kala ugali wa mama yangu miaka yote.

Ijumaa, 19 Septemba
Meza imebaki. Koridoni, karibu na choo. Nimekubali. Nimechoka kugombana na rafiki yangu.

Jumamosi, 20 Septemba
Asubuhi nzima meza tupu. Nikadhani watu wametuchoka.

Kumbe mlangoni kuna agizo la wadhamini: marufuku kuingia na kompyuta yako, za maonyesho ziko ndani. Mama Tabu, fundi cherehani, katoka Kibamba, mbali kote kule, na kompyuta ya marehemu mumewe, kaifunga kwenye kanga. Mwaka jana alikuja kutazama tu, akaahidi kurudi nayo. Karudi, wamemfukuza. Ujumbe wake nimeuona mchana: "Mwanangu, wamenikatalia. Nawatakia kazi njema."

Nikamfuata Fadhili. Agizo alilijua tangu Jumatano. Akasema angeniambia ningeharibu kila kitu. Kisha akapanda jukwaani na fulana yao, akaongea kuhusu jamii yetu. Watu wakapiga makofi.

Nimelia chooni. Angalau kilikuwa karibu.

Jumapili, 21 Septemba
Nimeenda Kibamba. Shikamoo, marahaba, maandazi ya moto. Nilijiandaa kuomba radhi, Mama Tabu hakunipa nafasi, kaniwekea chai.

Tumeiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani. Ni ya zamani lakini imepokea mfumo vizuri. Ilipofika mwisho nikamwambia, haya mama, bonyeza. Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza. Ikawaka, maandishi yote Kiswahili, yale niliyotafsiri na Fadhili.

Kwa mazoea nikangoja. Kuku wa jirani tu.

Mama Tabu akauliza, yule kaka wa vigelegele yuko wapi?

Nikamwambia ana kazi.