Insulini Katika Kibuyu cha Mama Hadija

Gisenyi,
Jumapili, baada ya chai

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na miguu yako haijavimba. Mimi ni mzima, ila tumbo limenisumbua kwa sababu utakayoisoma huko mbele. Usiingie hofu, ni maziwa tu. Wewe je, hali yako? Nauliza hali yenyewe, siyo ile "sijambo" unayomgawia kila apitaye njiani. Barua ya dada Mwajuma imetangulia yako, na dada hajui kuficha. Anasema umeiacha sindano. Anasema chupa ya insulini umeizika ndani ya debe la mchele, kwa kuwa mjomba Rashidi amekwambia dawa hiyo hutolewa kwenye kongosho la nguruwe.

Mama, mjomba Rashidi ndiye aliyetuambia utotoni kwamba ukizima redio katikati ya taarifa ya habari, habari zinabaki ndani na kuoza. Lakini safari hii hakukosea kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi. Insulini ya zamani ilitoka kwa nguruwe kweli, na nyingine kwa ng'ombe. Ya siku hizi ni habari nyingine.

Niliandika barua mbili za kukugombeza, nikazichana zote. Mtoto hamgombezi mama yake kwa kalamu, na mbele ya uso wako nisingethubutu. Basi nitakusimulia ya Mama Hadija, mwenye nyumba wangu, kisha utaamua mwenyewe.

Mama Hadija ni mjane, Mwislamu kama sisi, amerudi hapa kutoka Kongo akiwa mtu mzima. Anauza mtindi. Kila asubuhi hujitwika ndoo yake akavuka mpaka pale Grande Barrière hadi Goma, ambako binti yake Hadija ana meza sokoni. Mtindi wake unasifiwa pande zote mbili za mpaka, na askari wa forodha wanaujua kwa harufu. Ana sukari kama wewe, na ulimi kama wako pia, nisamehe.

Siku moja niliporudi kutoka shuleni aliniita, ameshika kichupa chake cha dawa. Kifaransa chake alijifunza kwenye makopo na maboksi ya biashara, lakini anakisoma.

"Mwalimu, kuya hapa. Soma hii neno."

Nikasoma. Imeandikwa "porc". Ningeweza kudanganya, Mama, lakini mimi ni mwalimu wa baiolojia, nina wivu na maneno ya vitabuni. Nikamwambia ni nguruwe.

"Njo vile nilisoma na mi," akasema, akaenda moja kwa moja chooni, na dawa ikazama. Nilimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Akaniuliza kama nimekuwa shehe tangu lini.

Wiki ile alikunywa maji ya majani machungu, akakonda, akawa anakunywa maji ndoo nzima. Sijui kama umewahi kumwona mtu akipungua mbele yako huku anakucheka. Niliogopa, Mama. Nikaenda kumsihi Vestine, muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, na bahati ikawa nzuri: gari lilikuwa limeleta insulini mpya. Vestine akaja nayo mwenyewe mpaka uani.

"Mukecuru, hii haina nguruwe hata kidogo," akasema. Mukecuru ndivyo wanavyomwita bibi hapa, kwa heshima.

Mama Hadija akaigeuza chupa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti. "Humaine." Akasoma tena. Kisha akapiga kelele mpaka kuku wakatoka uani.

"Yoo! Nguruwe nilikatala, sasa munaniletea mutu! Ni nani huyu mwenye mulichinja?"

"Hakuna mutu alichinjwa," Vestine akasema. "Donc, Mwalimu atakuelezea. Iko kazi yake." Akaniacha peke yangu na yule mama. Ningekuwa na kofia ningeivaa nikaondoka.

Sasa nikueleze wewe kama nilivyomweleza yeye, maana hapa ndipo nilipojivunia na ndipo nilipoharibu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi ya urithi, yale tunayoyaita jeni. Ni kama maelekezo ya mapishi: hapa pameandikwa jinsi ya kutengeneza nywele, pale jinsi ya kutengeneza insulini. Wataalamu walichukua yale maelekezo ya insulini ya mwanadamu, wakayanakili, wakayapachika ndani ya maandishi ya bakteria, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Wana dawa za kukata maandishi hayo kama mkasi na nyingine za kuunga. Yule bakteria hajui kwamba ameongezewa ukurasa. Anasoma tu na kupika, anazaana, na watoto wake wanapika vilevile. Watu wanavuna insulini, wanaisafisha, wanaitia chupani. Hakuna aliyechinjwa, si mtu wala mnyama.

Mama Hadija alinitazama kama mtu anayetazama ngoma ya shule. Nikaona somo haliingii. Ndipo nikamwonyesha kibuyu chake cha mtindi.

"Mtindi wako unaufanyaje?"

"Naacha kidogo ya jana, natia maziwa ya leo. Ile ya jana inafundisha ya leo."

"Wanaofundisha ndio hao bakteria," nikasema. "Umefuga mamilioni humo ndani miaka yote."

Uso ukamng'aa. Akacheka, akakipapasa kile kibuyu kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake anajua kusoma. "Kumbe ni vile tu! Sasa nimesikia." Siku ileile akakubali sindano. Vestine akamwelekeza, baada ya siku chache akawa anajichoma mwenyewe, chupa anaihifadhi ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji. Nilijisifu kwenye chumba cha walimu, Mama. Nilisema kwamba mwalimu hodari huanza na kile anachokijua mwanafunzi. Sitarudia kusema hivyo.

Maana baada ya wiki mbili, Jumatano, nikiwa darasani na kidato cha tatu, nikaitwa nje. Mama Hadija ameanguka pale Grande Barrière, katikati kabisa, mguu mmoja huku na mwingine kule, maofisa wa pande mbili wanashindana ni mgonjwa wa nani. Nilikimbia na chaki mkononi. Nikakuta wamekwishampakia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Wakongo isiyo na pedali, katikati ya magunia ya kabichi. Macho yamefumbwa, mdomo umekauka, lakini mkono mmoja umeshikilia ndoo, naye anamwambia mwenye chukudu, "Pole pole, baba, unamwanga maziwa."

Hospitali walimtundikia maji. Vestine akaja, akapima, akanitazama mimi kwanza, kisha mgonjwa. "Huyu hakuchoma dawa tangu siku nyingi," akasema.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikiwa na hasira. Alipofumbua macho akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefeli mtihani.

"Mwalimu, kibuyu changu kimekosa?"

"Kibuyu gani?"

Ndipo akaniambia yote. Alikuwa ametenga kibuyu kidogo kipya. Akatia maziwa mazuri, akamimina nusu ya chupa ya insulini iwe mbegu, akafunika, akangoja siku mbili. Kisha akaacha sindano, akawa anakunywa kikombe kimoja kila asubuhi na kuongeza maziwa kila jioni, ili dawa ijifundishe na izidi. Hakufanya kwa uchoyo wala kwa kuogopa sindano. Kuna mwezi gari kutoka Kigali halikufika, na wagonjwa wa sukari wa mtaa mzima wakahangaika. Alitaka ampe Vestine mbegu, zahanati isingoje gari tena.

"Wewe mwenyewe ulisema ni bakteria," akaniambia.

Mama, mimi na shahada yangu nilikosa pa kuficha uso. Nilimweleza habari za bakteria kwa nusu saa, nikasahau kumwambia kwamba ndani ya chupa hawamo tena. Wapishi wamebaki kiwandani, kilichomo ni chakula kilichopikwa tu. Ukipanda wali, hauoti mpunga. Na insulini ukiinywa, tumbo linaimeng'enya kama nyama, haifiki kwenye damu. Ndiyo maana lazima ichomwe. Nilimwambia haya yote palepale, nikamwomba radhi, na machozi yalinitoka, mtu mzima na chaki kwenye suruali. Vestine alijifanya anakunja shuka.

"Bon," akasema Mama Hadija. "Usilie. Mtindi ulikuwa muzuri hata vile."

Alirudi nyumbani baada ya siku tano. Nilidhani mambo yamekwisha. Asubuhi ya kwanza akaandaa sindano, akaishika, akaiweka chini, akaniita.

"Mwalimu, hakuna mwenye alichinjwa, nimekubali. Lakini yale maandishi yalitoka kwa mutu. Huyu mutu ni nani? Mwana wa nani?"

Mama, katika mji huu, miaka hii, swali la mwana wa nani watu hawaulizi ovyo. Limeua wengi. Hata yeye, ndugu zake aliobaki nao anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Nikaona haulizi kwa utani.

"Anajulikana?" akaendelea. "Maana kila asubui ananiingia mu damu. Hapa kwetu wazee, ukipata damu ya mutu, iko ndugu yako. Huwezi kumufanyia mubaya, na mutoto wake ni wako. Mi siwezi kuchukua undugu wa mutu nisimujue."

Safari hii sikukimbilia kujibu. Nilifikiri vizuri, kisha nikamwambia ukweli: hakuna jina. Maelekezo yale ya insulini ni yaleyale kwa watu wote, neno kwa neno. Yaliyo ndani ya chupa yapo ndani yangu, ndani ya Vestine, ndani ya askari wa mpakani, na ndani yake mwenyewe pia, isipokuwa mwili wake umeacha kuyasoma.

"Ya wote? Wa huku na wa Goma?"

"Na wa kwetu Ujiji. Na Wazungu."

"Na wale..." Hakumaliza. Akageukia upande wa ziwa letu. Nami sikumsaidia kumaliza.

"Na wale," nikasema.

Akavuta pumzi. Kisha akainuka, kwa kuwa Mama Hadija hakai na jambo kubwa bila kuandaa kitu. Wazee wa hapa walipokuwa wakichanjiana undugu waliapa kwa damu. Yeye damu hanywi, ni Mwislamu. Akasema basi itakuwa maziwa, na kwa kuwa watu wote hawawezi kuingia uani kwake, mimi ndiye niwakilishe. Fikiria, Mama, mwanao wa tatu, yule uliyekuwa ukisema hawezi kutumwa hata chumvi, nimesimama kwa niaba ya binadamu wote! Akaleta mtindi katika icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa, akanywa nusu, akanipa nusu. Unalijua tumbo langu na maziwa tangu nikiwa mchanga. Nikanywa yote. Binadamu wote walilala vibaya siku tatu.

Baada ya hapo akajichoma sindano, akasema "Bismillahi", akafuta kwa pamba. Hajaacha tena. Jana Vestine alimpima, akatabasamu, jambo ambalo halitoi bure.

Sasa nifike kwako. Siku ileile ya mtindi, akiwa anakunja mkono wa gauni, aliniuliza habari zako, nami nikamwambia kwamba nawe una sukari. Akafurahi mno. "Kumbe ni dada yangu, mama yako! Mi na ye tuko dawa moja. Naye anachoma kila asubui?"

Mama, dada Mwajuma alikuwa amekwishaniandikia. Nilijua chupa iko ndani ya mchele. Nikamtazama yule mama, nikasema, "Ndiyo. Kila asubuhi."

Chupa uliyonayo ni ya aina hii mpya. Mwambie Mwajuma aangalie maandishi. Ikiwa imekaa siku nyingi kwenye joto, aende zahanati abadilishiwe, msiitumie hivyohivyo. Na usiitie ndani ya kitu chochote cha kunywa, tafadhali.

Msalimie dada Mwajuma, mwambie asiache kuandika hata ukimkataza. Msalimie baba mdogo Salumu, mguu wake nimeuombea dua. Shangazi Tatu nimemnunulia kitenge cha Goma, asiniulize rangi. Shemeji yangu na watoto wote unibusie. Na mjomba Rashidi naye mpe salamu, mwambie nimeshukuru kwa nusu ya ukweli aliyoileta, na redio yetu hapa inazimwa kila siku na haijanuka bado.

Mama Hadija anakusalimu kuliko wote. Saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi nasikia mlango wake. Anakaa kwenye kigoda, anaivuta dawa, na kabla ya kuchoma anageukia upande wa kusini, ndiko Ujiji iliko, anasema, "Haya, dada, tuchome." Kisha anangoja kidogo, akupe nafasi.

Ni mimi mwanao,
Idrisa