Mbuzi Yenye Baaskari Baliacha

Makomeno, Lubumbashi, novembre 1991

Bwana yangu Lévi,

Nakusalimia kule Bulaya, ku masomo yako ya Liège. Sisi tuko bazima. Mama yako iko ku Katuba, unga inapatikana kidogo, mvua imeanza.

Baaskari balipora mji, na labo yetu ya kupima damu pia. Balibeba frigo, bakakula mbuzi zote za muzima. Balibakisha moja tu, ile yenye microbe mu damu. Mukubwa wabo alisema: «Ile muiache, inakufa.»

Haikufa. Nilikuwa nimeitia ile proteine tulianza kujaribu sisi wawili, ya kuzuia damu isigande ndani ya mishipa. Zile zingine za mugonjwa, zenye hatukutia, zilikuwa zimekufa zote mbele baaskari bafike. Hii ilisimama asubuhi yenye ilifuata, ikatafuna matembele ya jirani. Nililia peke yangu, juu wewe haukukuwa hapa.

Mbuzi moja haitoshi kuhakikisha kitu, najua. Lakini mu barua yako uliuliza mbuzi iko namna gani. Haukuuliza mimi, bibi yako, niko namna gani. Tena ukurasa muzima ni Émerance, mwanafunzi mwenzako: Émerance anapima damu muzuri, Émerance anapika bukari ya unga ya muhindi sawa ya kwetu. Anaipika mu jiko ya nani, Lévi?

Unasema utamutuma yeye akuje kuchukua damu ya mbuzi. Asikuje. Damu nimeisha kuitosha ku mbuzi mimi mwenyewe, iko mu baridi, mu frigo ya masoeurs ba misioni. Nitakupa wewe mu mukono, hapa mu nyumba yetu.

Bibi yako, angali bibi yako,
Edith