Mistari Iliyolala

5 Machi

Mjukuu wangu,

Wewe ni mwongo, na huyo daktari wako ni mwongo kukupita. Mlisema leza itamtoa mtoto wa jicho nione kama msichana. Haya, salamu. Mimi mzima, mdomo nao mzima kama unavyousikia. Wewe hujambo? Unakula?

Ukungu umetoka, sikatai. Kumbe pazia langu ni la kijani! Lakini juzi nilikuwa nashona shati la mwalimu, kitambaa cha mistari. Mistari ikisimama, naiona mmoja mmoja. Nikigeuza kitambaa ikalala, yote inavurugika kama uji. Nikabandika mfuko ukaenda upande. Mwalimu akacheka, eti fasheni. Miaka arobaini kwenye cherehani sijachekwa! Jicho la kushoto siwaletei tarehe thelathini. Futa jina langu.

Bibi yako

9 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, nakula. Pole sana. Leza ilikata tundu dogo pembeni mwa kioo cha mbele cha jicho ili mtoto wa jicho atolewe. Kidonda kikipona, kioo huweza kuvutika upande mmoja. Hapa kliniki tunaita astigmatizimu. Fomu uliyotia saini kabla ya upasuaji ilisema hivyo, Bibi. Siku ile nakusomea, niliruka mstari huo nisikutishe.

Tafadhali chora duara lenye mistari kama saa. Funika jicho la kushoto, uniambie upi umefifia.

Mjukuu wako

14 Machi

Wewe mke mwenzangu,

Uliruka mstari! Na mimi nikushonee gauni niruke mkono mmoja, utalivaa? Salamu lakini, kifua chako kimepona?

Nimechora kwa chaki ukutani. Wa saa tatu kwenda saa tisa umefifia. Wa kumi na mbili kwenda sita umekoza. Nikasema labda ukuta ndio mbovu. Nikalaza kichwa mpaka sikio likagusa bega: kufifia kukahama nami, kukashika mistari mingine! Nimerudia mara saba, jirani anadhani nimepagawa. Basi ubovu uko jichoni.

Sasa nijibu. Mlinipima nimekaa, mkanikata nimelala. Mimi sipimi mteja aliyelala. Mwili ukilala unahama. Jicho je?

Bibi yako

18 Machi

Shikamoo Bibi,

Kifua kimepona. Barua yako nilimpa daktari. Akaisoma, akaisoma tena, akavua miwani. Amesema jicho huzunguka kidogo mtu akilala, ndiyo maana mgonjwa anaweza kutiwa alama ya wino jichoni akiwa amekaa. Kwako hakutia. Hana hakika kama ndiyo sababu, ila hakutia, na anaomba radhi.

La kulia lisubiri lipone vizuri, ndipo upimiwe miwani yake maalumu. Utashona. La kushoto linazidi kufunga ukungu, Bibi. Jina lako sijalifuta. Nisamehe, nakuomba uje.

Mjukuu wako

22 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi sijambo, jicho la kushoto sasa haliuoni hata mlango. Aliyekubali kosa nafanya naye kazi. Wewe nimekusamehe nusu, nusu nyingine utaifanyia kazi.

Nakuja tarehe thelathini. Mwambie atie alama nimekaa wima, miguu chini, namtazama. Asiniguse kabla sijaikagua mwenyewe kwa jicho la kulia, hata kama ni kwa kulaza kichwa. Kwa hiyo lete kioo. Kikubwa, si kile chako cha kupakia rangi mdomo.

Bibi yako